SOKO LA MAJUMBA: Fleti ya ghorofani Upanga na hesabu zake

Fleti za zamani za Upanga, Dar es Salaam, nyingi za ghorofa tatu au nne, zilijengwa wakati ngazi zikitosha na upepo wa bahari ukipita dirisha hadi dirisha. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba mengi ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wengi walioingia humo hawakununua chochote isipokuwa nafasi ya kupanga, kwa kilemba.

Siku hizi jirani yake yamesimama majengo ya ghorofa kumi na zaidi, magari chini na vioo juu, na fleti huuzwa mojamoja. Biashara hiyo ilipata nguvu mwaka 2008, ilipopitishwa sheria ya umiliki wa sehemu za majengo. Mnunuzi anaweza kupewa hati ya fleti yake pamoja na fungu katika mali ya pamoja: ngazi, lifti, paa na ardhi. Ardhi yenyewe ni ya muda usiozidi miaka 99, kwa hiyo miaka iliyobaki katika hati ya kiwanja ni sehemu ya bei, ingawa madalali hawaitaji.

Lakini pigo kubwa liko kwenye gharama za kila mwezi. Jengo refu hula fedha hata fleti ikiwa tupu: maji hupandishwa kwa pampu, lifti ina fundi wake, na umeme ukikatika jenereta hunywa dizeli. Chukua mfano wa fleti ya Sh. 200,000,000 inayopangishwa kwa Sh. 1,200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 14,400,000, yaani asilimia 7.2, na tangazo la mauzo huishia hapo. Ukitoa gharama za huduma za Sh. 200,000 kwa mwezi, hubaki asilimia 6. Fleti ikikaa mwezi mmoja bila mpangaji, hubaki asilimia 5.4, kabla ya kodi na rangi.

Mwenye mtaji mdogo aombe mahesabu ya umoja wa wamiliki na aulize kama ipo akiba ya kununua lifti mpya. Aulize pia kama hati za fleti zimekwisha kutolewa. Kwa anayetegemea kuweka fleti rehani benki, mkataba wa mauzo peke yake ni dhamana dhaifu.