Kikohozi cha Mgodini na Kipimo cha Vinasaba

Kwetu Bugarama kikohozi hakimshangazi mtu. Anayeshinda kwenye duara au kwenye karasha husema, "Ni vumbi tu." Mjomba wangu alikohoa karibu mwaka mzima kabla ya kupima, na sisi nyumbani ndio tuliomwambia ni vumbi. Kumbe ulikuwa kifua kikuu.

Vumbi lenyewe lina hatia. Ndani yake mna silika, ambayo huharibu mapafu na kumfanya mchimbaji apate kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Je, tutatofautishaje?

Robert Koch alitangaza bakteria wa ugonjwa huu tarehe 24 Machi 1882, na kwa zaidi ya miaka mia moja hadubini ndiyo iliyotegemewa. Lakini bakteria wakiwa wachache katika kohozi, hadubini huwakosa. Kuwaotesha maabara huchukua wiki kadhaa.

Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha GeneXpert, ambacho leo kinatumika pia Tanzania. Chenyewe hutafuta vinasaba vya bakteria. Mtaalamu huchanganya kohozi na kimiminika maalumu, husubiri dakika 15, kisha hulitia katika katriji na kuiweka kwenye mashine. Yaliyobaki hufanywa na mashine: huwapasua bakteria, hutoa vinasaba, huvipasha joto na kuvipoza mara nyingi ili nakala ziongezeke hadi zitambulike. Katika muda wa saa mbili hivi jibu hutoka, pamoja na taarifa kama bakteria hao ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu.

Hata hivyo, vinasaba vya bakteria aliyekufa bado ni vinasaba. Ndiyo maana maendeleo ya mgonjwa aliye kwenye dozi hayafuatiliwi kwa kipimo hiki. Darasani tunajifunza kutofautisha alama na kitu chenyewe. Hapa tofauti hiyo inagusa uhai wa mtu.

Tena, mashine haimfuati mgonjwa. Dozi ya kawaida ni miezi sita, na dawa ni bure, lakini mchimbaji akisikia dhahabu imetoka kwingine, huhama. Akiacha dawa kwa sababu amepata nafuu, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.

Basi katika jumuiya zetu ndogondogo, jirani akikohoa wiki mbili, tumsindikize kituo cha afya. Anayehama aage kituoni kwanza, aandikiwe uhamisho, aendelee na dawa aendako. Mjomba alipona, ila pumzi zake hazikurudi kama zamani. Tungemsindikiza mapema.