Fahamu: Jinsi programu inavyovuta miamala ya hisa iliyokamilika

Oda ya kununua hisa 500 si lazima itimizwe kwa mkupuo mmoja. Soko linaweza kutoa 200 kwa bei moja, kisha 300 kwa bei nyingine, na kila fungu huandikwa kama muamala wake. Kwa wateja wa Interactive Brokers, kampuni ya udalali ya Marekani, rekodi hizo huvutwa kwa ombi liitwalo reqExecutions, ambalo programu ya mteja hulituma kwenye Trader Workstation, programu ya biashara ya kampuni hiyo. Ombi laweza kuchujwa kwa akaunti, alama ya hisa, muda, au upande (kununua au kuuza). Majibu hutaja bei, idadi, saa na soko. Kamisheni huja kwa ujumbe wake.

La kuangaliwa zaidi ni namba ya utambulisho ya kila muamala. Muamala ukisahihishwa, rekodi hutumwa upya kwa namba ileile, isipokuwa tarakimu zilizo baada ya nukta ya mwisho. Programu isiyojali hilo huhesabu muamala mmoja mara mbili, na hesabu yote ya faida hupotoka.

Kwa kawaida ombi hurudisha miamala ya tangu saa 6 usiku tu. Anayetaka ya mwezi mzima atumie ripoti za akaunti.