Nyumba za Maendeleo za Michenzani: Kipimo cha Umri na Kipimo cha Makazi katika Uhifadhi wa Majengo

1. Utangulizi

Neno urithi linapotajwa kuhusu majengo ya Afrika Mashariki, fikra huenda kwenye magofu ya Kilwa, ngome za pwani na milango ya nakshi. Ni nadra kwenda kwenye jengo la saruji la ghorofa, lenye nguo zilizoanikwa kwenye roshani na duka dogo chini ya ngazi. Makala haya yanaeleza usanifu wa majengo ya aina hiyo yaliyoko Michenzani, mjini Zanzibar, na kujadili sababu za kuyahesabu kuwa urithi. Hoja ya msingi ni kwamba kipimo cha umri, ambacho sheria zetu zimekiegemea, hakitoshi kupima thamani ya nyumba zilizojengwa kwa ajili ya umma.

2. Chimbuko

Kwa muda mrefu mji wa Zanzibar ulikuwa wa pande mbili zilizotenganishwa na mkono wa bahari: Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe, na Ng'ambo yenye nyumba nyingi za miti na udongo. Mpango wa Lanchester wa mwaka 1923 na ule wa Kendall wa mwaka 1958 iligusa Ng'ambo bila kuondoa mgawanyiko huo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Abeid Amani Karume ilikusudia kuufuta kwa kujenga. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, fleti za mwanzo zilijengwa Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 ukatayarishwa mpango mpya wa mji, chini ya Hubert Scholz, uliolenga fleti zipatazo 7,000. Michenzani ikawa kitovu chake.

Majengo hayo hayakuwa kazi ya baraza la mji, bali ya dola yenyewe. Hata hivyo, yalibeba dhamira ileile iliyobebwa na nyumba za manispaa kwingineko duniani: kumpa mtu wa kipato cha chini makazi bora kwa fedha za umma. Wananchi waliziita nyumba za maendeleo. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, miaka kadhaa baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, Michenzani ilikuwa na fleti zinazokadiriwa kufika 1,100 tu.

3. Usanifu

Sifa ya kwanza ya Michenzani ni mpangilio wake. Majengo marefu yamepangwa kando ya barabara mbili pana zinazokatana, na makutano yake ni mzunguko ambao leo una mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi. Kuta hazina nakshi. Uzuri wake umo katika mrudio wa madirisha na roshani kwa urefu unaomlazimu mpita njia kugeuza shingo. Nyuma ya majengo hayo mitaa ya zamani ya Ng'ambo imebaki, hivyo mipango miwili ya makazi inatazamana.

Sifa ya pili ni mabadiliko ya maisha ya ndani. Nyumba ya Ng'ambo ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Fleti iliondoa baraza na ua kwa mara moja. Wakazi walivirudisha kwa njia yao: mazungumzo yakahamia chini ya majengo, biashara ndogo zikafunguliwa kando ya ngazi, na maskani zikazaliwa, ikiwemo Kisonge inayojulikana kote visiwani. Mabadiliko haya yasihesabiwe kuwa uharibifu wa ramani ya awali. Ni sehemu ya usanifu kama ulivyoishiwa.

4. Mipaka ya sheria

Mambo ya kale si suala la Muungano, hivyo kila upande una sheria zake. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye husubiri tamko la Waziri. Kwa kipimo hicho, hata majengo ya misheni ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876, na ya vituo jirani kama Chiwata, hayalindwi kwa umri wake pekee. Zanzibar, Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na una mamlaka yake ya uhifadhi. Michenzani iko nje ya eneo lililoorodheshwa.

Kwingineko kipimo kimepanuliwa. Mjini London, mtaa wa Boundary, uliofunguliwa mwaka 1900, umeorodheshwa kuwa urithi. Lakini ni wachache mno kati ya maskini waliobomolewa makazi yao waliopata nafasi humo. Mjini Berlin, mitaa sita ya nyumba za gharama nafuu iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na watu wanaendelea kuishi humo. Mifano hii inaonesha kwamba jengo la makazi hulindwa pamoja na matumizi yake. Pia inatukumbusha kuuliza ni nani aliyefaidika nalo.

5. Hitimisho

Pendekezo la UNESCO la mwaka 2011 kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji linatoa njia ya kati: kulinda mpangilio, urefu wa majengo na uhusiano wake na mitaa, huku yakiruhusiwa matengenezo yanayohitajika kwa maisha ya leo. Kwa Michenzani, uhifadhi wa maana uanze na maji yanayofika ghorofa za juu, paa lisilovuja na ngazi salama, kabla ya rangi ya ukuta wa mbele. Urithi unaomchosha mwenye kuishi ndani yake hautadumu. Majengo haya yakiachwa yachakae hadi kubomolewa, mji utapoteza ushahidi wa wakati ambapo nyumba bora ilitamkwa kuwa haki ya mtu wa Ng'ambo, pamoja na kipimo cha kupimia ni kiasi gani cha ahadi hiyo kilitimizwa.