Baridi Yabisi: Usingoje Vidole Vipinde

Akina mama wengi tukiamka na vidole vimekakamaa husema, "Ni baridi tu, jana nimefua sana." Hali hiyo ikipita baada ya dakika chache, huenda si neno. Lakini vidole na vifundo vikivimba mkono wa kulia na wa kushoto, na kukakamaa kwa asubuhi kukidumu saa nzima, wiki baada ya wiki, tunakusihi ufike hospitali. Huenda ni baridi yabisi.

Ugonjwa huu hauletwi na maji baridi wala kurogwa. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Wanawake hupatwa mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Fundisho kutoka kwa wajawazito

Daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, aliona kwamba wagonjwa wake wengi walipata nafuu waliposhika mimba, na baada ya kujifungua maumivu yalirudi. Akawaza kwamba mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachotuliza ugonjwa. Septemba 1948 yeye na wenzake walianza kumchoma mwanamke wa miaka 29 sindano za kotisoni. Alikuwa akitembea kwa taabu. Baada ya siku chache alitembea vizuri. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel.

Hata hivyo furaha ilipungua upesi. Sindano zilipoachwa, ugonjwa ulirudi. Zilipoendelea kwa dozi kubwa, uso ulivimba na mifupa ikadhoofika. Kwa hiyo, mama, jihadhari na vidonge vya dukani vinavyoondoa maumivu yote kwa siku mbili. Huenda ni dawa za jamii hiyo. Kama umevitumia muda mrefu, usiviache ghafla. Mwone daktari kwanza.

Dawa inayolinda viungo

Mwaka 1985 majaribio yaliyofanywa Marekani yalionyesha kwamba methotreksati, dawa ya saratani, ikitolewa kwa dozi ndogo hutuliza baridi yabisi. Leo ndiyo dawa ambayo madaktari wengi huanza nayo. Humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Chagua siku moja na uiandike ukutani. Mgonjwa hupewa pia vidonge vya foliki asidi, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Nafuu huja baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, basi usikate tamaa mapema.

Jambo moja kubwa: methotreksati hudhuru mtoto tumboni. Kabla ya kushika mimba, wewe na mumeo zungumzeni na daktari. Zipo dawa nyingine, kama salfasalazini, zinazoweza kutumika wakati wa ujauzito.

Mwaka 2004 watafiti wa Glasgow, Uskoti, walitoa matokeo ya wagonjwa 110. Kati ya walioonwa kila mwezi na kuongezewa dawa kila ugonjwa ulipozidi, 65 kwa mia walitulia kabisa. Kati ya waliotibiwa kwa kawaida, 16 kwa mia tu.

Kiungo kilichokwisha kupinda hakinyooshwi na vidonge. Tuombe, dada zetu, na tuwahi hospitali. Mikono hii Mungu ametupa ili tulee na kutumikia.