Wimbi Lizaliwalo Mbali

Sisi tuliolelewa pwani twaijua bahari kwa misimu yake. Kaskazi inapovuma, maji hutulia. Kusi inapoingia, bahari huchafuka, na mzazi mwenye busara huwakataza wanawe kuogelea. Tumezoea kuupima usalama wa maji kwa upepo tunaousikia usoni. Lakini zipo pwani ambako kipimo hicho hakitoshi, kwani wimbi kubwa huweza kufika siku ya jua na hewa tulivu.

Mfano mashuhuri ni Ghuba ya Waimea, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu, katika Hawaii. Majira ya joto, maji yake hulala kama ya ziwa na watoto huchezea humo. Kuanzia Novemba hadi Februari, ghuba hiyo hiyo huweza kuinua mawimbi yenye kimo cha zaidi ya mita kumi, na mahodari wa kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi humiminika kutoka pande zote za dunia.

Chanzo chake ni baridi ya mbali. Wakati huo, hewa baridi ya bara la Asia hukutana na hewa ya joto juu ya Bahari ya Pasifiki, na dhoruba kubwa huzaliwa kati ya Japani na Alaska. Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda wa kuvuma kwake, na urefu wa eneo la bahari linalovumiwa. Likishapata nguvu, wimbi huuacha upepo uliolizaa na kusafiri siku kadhaa, maelfu ya kilomita. Njiani mawimbi hujipanga, yenye nafasi pana baina yao yakitangulia. Hivyo hufika ufukweni yakiwa na mpangilio mzuri, hali dhoruba yenyewe iko mbali. Mtelezaji hufurahi, mgeni asiyejua huhadaika.

Ndiyo maana heshima kubwa ya Waimea hupewa mwokoaji. Eddie Aikau alilinda waogaji hapo tangu mwaka 1968, na husimuliwa kwamba aliokoa watu zaidi ya 500. Alipotea baharini mwaka 1978, alipokwenda kuwatafutia msaada wenzake ambao chombo chao kilikuwa kimepinduka. Mashindano yenye jina lake hungoja mpaka mawimbi yafikie kimo kilichowekwa, na miaka mingi hupita bila kufanyika. Yalipofanyika Januari 2023, wanawake walishiriki kwa mara ya kwanza, na mshindi alikuwa Luke Shepardson, mwokoaji aliyekuwa zamuni siku hiyo hiyo.

Wazazi wenzetu, siku za Idi fukwe zetu hujaa watoto. Tusiridhike kwa kuona mbingu nyeupe. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, na baina ya kundi na kundi hupita kimya kinachodanganya. Kabla ya kuwaruhusu wana kuingia majini, tukae kitako robo saa, tuitazame bahari, na tuwaulize wavuvi wa mahali hapo. Kisha mmoja wetu aliye mtu mzima abaki akiwaangalia, simu akaiweka mkobani. Bingwa wa Waimea hungoja kabla ya kuingia. Kwa nini sisi, wenye amana ya watoto, tufanye haraka?