Pakanga: Jina Lake, Upandaji Wake na Hatari Yake

Kila mwaka darasa lifikapo katika habari za ile nyota iitwayo Pakanga katika Kitabu cha Ufunuo, watoto hutuuliza pakanga ni nini. Wengi hudhani ni sumu, au neno tu la kutaja uchungu. Siku moja tuliacha kueleza, tukatoka nje, tukachuma tawi kando ya njia, tukampa kila mmoja asugue jani na kulinusa. Mara wakacheka wote, wakalitaja kwa lugha za kwao, huyu Kihehe, huyu Kibena, yule Kisafwa. Kumbe bibi zao huwachemshia majani hayo wapatapo mafua. Kitu walikuwa nacho siku zote. Jina la Kiswahili ndilo walilokosa. (Pakanga ya nchi ya Palestina si hii yetu hasa, ila ni ndugu yake wa jangwani.)

Wataalamu wa mimea huiita Artemisia afra, na neno hilo la pili maana yake ni ya Afrika. Yamea tangu Ethiopia hata Afrika ya Kusini, na huku kwetu huonekana katika nchi za juu za Mbeya na Iringa, penye majani ya milimani na pembeni mwa misitu. Kimo chake chaweza kupita kimo cha mtu. Majani yamechanika vipande vyembamba, rangi yake kijivu hasa upande wa chini. Maua ni madogo, ya manjano, yameinama kana kwamba yaona haya.

Kuipanda si kazi ngumu. Mbegu zake ni ndogo mno, hupotea, heri vipandikizi. Kata tawi lisilo changa sana wala gumu sana, urefu wa shubiri moja, ondoa majani ya chini, ulichomeke ardhini mvua zikiisha kushika. Yataka jua tele na udongo usiotuamisha maji. Sisi mara ya kwanza tulipanda bondeni karibu na kisima, tukidhani twaifanyia wema, ikaoza mizizi yote. Ile tuliyoitupa juu ya kilima penye changarawe ndiyo iliyostawi. Sakitu ya Juni na Julai huunguza ncha zake, lakini shina halifi. Ikate fupi baada ya baridi, nayo itachipuka upya.

Wazee huitumia kwa mafua, kikohozi na tumbo: majani hutiwa katika maji ya moto, mgonjwa akajifunika nguo na kuvuta mvuke wake, au akanywa kidogo. Kidogo, twasema, kwa maana mafuta yake yana kitu kidhurucho kikizidi. Na mwanamke mwenye mimba asiinywe kabisa.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwaka 1972 huko China, Bibi Tu Youyou na wenziwe walitoa katika pakanga ya kwao, Artemisia annua, dawa ya malaria iitwayo artemisinini. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 2006 Tanzania nayo ilichagua dawa mseto yenye asili hiyo. Watu wakasikia jina, wakaona jani lifananalo, wakasema ndiyo hii yetu. Siyo. Pakanga yetu haina artemisinini, au inayo chembe isiyofaa kitu. Hata ile ya China, Shirika la Afya Duniani halikubali majani yake yachemshwe kama chai ya kutibu malaria, kwa kuwa kipimo cha dawa hakijulikani, na dawa haba huwazoeza vijidudu kuishinda.

Mzazi mmoja alimnywesha mwanawe pakanga siku tatu kwa homa. Alipofikishwa zahanati mtoto hajitambui. Alipona, lakini mche ule ulitoka katika bustani yetu, nasi tulikuwa tumeutoa bila kusema neno.

Tangu siku ile hatumpi mtu kipandikizi kabla hajaturudishia kwa kinywa chake mwenyewe: ni ya kifua na mafua, mwenye homa apimwe damu siku ile ile. Mwaka huu tunavyo vipandikizi 18, tutavigawa mvua za Desemba zikishika.