TAARIFA KWA WANANCHI: MAANA YA NAMBARI ZA VIJIKO, UMA NA VISU

Wananchi, wenye nyumba za wageni na mikahawa, pamoja na wanunuzi wa vifaa vya skuli na hospitali, wanafahamishwa maana ya nambari zinazopigwa chapa nyuma ya vijiko na uma. Kutozielewa nambari hizo huleta hasara, kwani vijiko viwili huweza kung'ara sawasawa dukani, kisha kimoja kikaingia madoa ya kutu baada ya muda mfupi.

Chuma Chenyewe

Chuma kisichoshika kutu, maarufu kwa jina la stenlesi, ni chuma cha pua kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hukutana na oksijeni na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaokinga kutu, na ukikwaruzwa hujijenga upya. Adui yake mkubwa ni chumvi. Kwa kuwa visiwa vya Unguja na Pemba vimezungukwa na bahari, na baadhi ya visima hutoa maji ya chumvichumvi, suala hili linastahili kuangaliwa kwa makini.

Nambari

Nambari zinazoonekana mara nyingi ni 18/10, 18/8 na 18/0. Ya kwanza ni kadiri ya asilimia ya kromiamu, na ya pili ni ya nikeli. Nikeli hukiongezea chuma uwezo wa kuhimili kutu. Kwa hiyo vyombo vya 18/0, ambavyo havina nikeli, huwa na bei nafuu lakini huhitaji uangalizi zaidi. Tofauti baina ya 18/8 na 18/10 ni ndogo katika matumizi ya kawaida. Tofauti ya maana ni baina ya hizo mbili na 18/0.

Visu

Chuma cha 18/10 hakiwezi kukazwa kwa moto ili kishike makali. Kwa sababu hiyo, visu vingi hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu ya asilimia 13 hivi na kaboni zaidi, bila ya nikeli. Visu vya seti kupata madoa kabla ya vijiko vyake si lazima iwe dalili ya udanganyifu.

Kipimo cha Sumaku

Sumaku huvuta chombo cha 18/0, lakini haivuti cha 18/8 wala 18/10, au huvuta kidogo sana. Hata hivyo, kipimo hiki hakitoshi. Vipo vyuma vilivyotiwa manganisi badala ya sehemu kubwa ya nikeli. Navyo havivutwi na sumaku, ilhali huhimili chumvi kidogo kuliko 18/8.

Ushauri

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kwa vijiko na uma vya matumizi ya kila siku, hasa karibu na pwani, wachague 18/8 au 18/10. Mwenye ngozi inayodhurika kwa nikeli atumie 18/0.

(b) Chapa inayosema tu kwamba chombo hakishiki kutu haitaji daraja lake. Chombo kisicho na nambari kisilipiwe bei ya 18/10.

(c) Wanaoagiza kwa wingi waandike katika maombi yao daraja la vijiko na uma, na daraja la visu mbali, kisha wakague bidhaa kabla ya kuzipokea.

(d) Vyombo visirowekwe usiku kucha katika maji ya chumvi au dawa yenye klorini. Vioshwe mapema baada ya kugusa achari, siki au ndimu, visuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na vikaushwe kwa kitambaa.

(e) Visisuguliwe kwa nyuzi za chuma, kwani chembe zake hubakia juu ya chombo na kushika kutu.

Seti iliyochaguliwa kwa uangalifu na kutunzwa hivyo huweza kutumika kwa miaka mingi.